Butura ya Maneno

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufafanuliwa maana ya butura. Kwa wasomaji wa mbali nitasema kwa ufupi: ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa mtu mwenye fedha mkononi na kwa bei aitakayo yeye, kwa kuwa ada ya shule na dawa za mgonjwa hazisubiri mavuno. Mibuni inabaki katika kibanja chako, wewe ndiye unayepalilia na kukata machipukizi, lakini tunda si lako tena. Serikali imeikemea butura kwa miaka mingi, vyama vya ushirika vimeikemea, na wakulima wenyewe huitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Sijapata kumsikia mtu akiisifu.

Nashangaa basi kuona washairi wa wilaya hizi mbili, wengi wao wana wa wakulima wa kahawa, wakiyauza maneno yao kwa butura kila uchao, tena kwa furaha, na bila hata ile senti ndogo ambayo mlanguzi wa kahawa angewatupia.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nimewatengenezea wenye maduka, shule, wauza mbegu na vikundi vya kukopeshana. Hatimaye nimejifungulia mahali pangu mwenyewe pa kuandika, kwa Kiswahili, juu ya ufundi wangu na juu ya ushairi. Watu watatu wameniuliza kwa nini najisumbua. Wa kwanza, mshairi ninayemheshimu, alisema wasomaji wote wako Facebook na WhatsApp, nani atafunga safari kuja kwangu? Wa pili, fundi mwenzangu, alisema mambo ya ufundi hayaandikiki kwa Kiswahili. Wa tatu alinikumbusha sheria. Nawajibu wote hapa, na sikusudii kuwa mpole sana.

Nianze na mshairi. Anadai kwamba kule wako wasomaji. Sawa, wako. Lakini tutazame mwendo wa shairi likishaachiwa kule. Mtunzi wa Nkwenda analituma katika kundi la WhatsApp asubuhi. Mtu wa Kayanga analipenda, analinakili, analipeleka katika kundi la kanisa au la waliosoma pamoja. Kutoka hapo linakwenda Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam. Mahali fulani njiani mtu mmoja anaukata ubeti wa mwisho, kwa sababu anaona haumhusu. Nao ubeti wa mwisho, kama wasomaji wa hapa wanavyojua vema, ndipo watunzi wetu walipozoea tangu zamani kuweka jina au lakabu yao na mji wao. Mapokeo yetu ya kaditama hayakuwa pambo tu. Yalikuwa hati ya umiliki iliyofumwa ndani ya vina, ili mwizi asiweze kuikwangua bila kuliharibu shairi. Leo kidole kimoja kinatosha. Jioni shairi linamrudia mtunzi akiwa nyumbani kwake, limeandikwa juu ya picha ya ua waridi, halina jina, na chini yake mtu ameandika "Amina".

Sheria iko upande wa mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya fasihi tangu inapotungwa, hata kama haijasajiliwa popote, kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ila mtu akija kudai kwamba shairi ni lake, utathibitisha kwa nini? Kwa kundi ambalo simu yake iliibiwa? Kwa ujumbe uliofutwa ili kuipa simu nafasi?

Facebook nako kuna mkataba ambao watunzi wote tumeukubali na wachache tumeusoma. Unasema kwamba kazi inabaki kuwa yako, kisha unaipa kampuni ruhusa ya kuihifadhi, kuitumia, kuinakili na kuisambaza dunia nzima, bila malipo, na ruhusa hiyo inaweza kuhamishiwa kwa mwingine. Mbuni ni wako, tunda lina mwenyewe. Naomba nioneshwe tofauti ya jambo hilo na butura. Mimi naiona moja tu: mnunuzi wa butura humjua mkulima kwa jina na huweza kukutana naye gulioni.

Tena mnunuzi huyo akichoka, hufunga duka. Google walikuwa na mtandao wao wa kijamii ulioitwa Google+. Mwezi Aprili 2019 waliufunga kwa watumiaji wa kawaida na kuanza kuyafuta yaliyoandikwa humo. Mwaka huohuo Myspace walikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwao kwa miaka 12 zilipotea walipokuwa wakihamisha seva zao. Hizo ni kampuni kubwa, zenye wahandisi wengi na fedha nyingi. Sasa linganisha na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikuwa na mapenzi maalumu kwa malenga wa Kiafrika. Mashairi ya wasomaji waliyoyapeleka huko yangali yanasomwa maktabani na kuandikiwa tasnifu. Karatasi ya mkoloni imelitunza shairi la Mswahili kuliko seva ya kisasa! Silisemi hili kwa kuutamani ukoloni. Nalisema kwa sababu mtunzi wa mwaka 1925 alijua shairi lake limekaa toleo lipi na ukurasa upi, na mtunzi wa leo hawezi kukuonesha shairi alilolituma juzi bila kuviringisha kioo cha simu kwa robo saa.

Kuna jambo jingine ambalo mshairi wangu hakuliwaza, na hili nalisema kama fundi. Majukwaa haya yanaliharibu umbo. Chukua shairi la mizani 16, nane kwa nane. Kitabuni mshororo hukaa katika mstari mmoja, na kina cha kati hupangana wima na vina wenzake ubeti mzima, hata jicho linakisikia kabla ya sikio. Katika simu upana hautoshi. Mshororo hujikunja pale nafasi ilipoishia, pengine kwenye mizani ya 11 au ya 13. Kina cha kati kinazama, na kipande cha utao kinabaki peke yake mstari wa chini kama abiria aliyeachwa na basi. Kwenye Facebook mambo yanazidi kuwa mabaya, kwa maana baada ya mishororo michache shairi hukatwa na kuwekewa maneno ya "ona zaidi", popote pale, hata katikati ya ubeti. Nani aliwapa mamlaka ya kuamua ubeti uishie wapi? (Watunzi wa tenzi wana bahati. Kipande cha mizani 8 kinaenea katika kioo cha simu bila shida, utadhani wazee waliziona simu zikija.)

Mahali pangu nimeuagiza mshororo hivi: ukwapi usivunjwe, utao usivunjwe, na nafasi ikikosekana ukunjwe kati ya hivyo viwili tu, utao ukiingia ndani kidogo ili msomaji ajue kwamba bado yumo katika mshororo uleule. Ni mistari michache ya maagizo, kazi ya chini ya nusu saa. Hakuna jukwaa kati ya yale makubwa litakalokufanyia hivyo, kwa sababu walioyajenga hawajui ukwapi ni nini, wala si wajibu wao kujua. Ni wajibu wetu. Fundi wa Kiswahili asiyejali umbo la shairi la Kiswahili katika kioo cha simu, amejifunza ufundi ili amtumikie nani?

Hapo nimefika kwa fundi mwenzangu, aliyesema ufundi hauandikiki kwa Kiswahili. Naomba nimweleze jambo analolijua na asilopenda kulisikia. Kila ukurasa wa wavuti hubeba, mahali ambapo msomaji hapaoni, tamko la lugha yake. Alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Kurasa nyingi za Kiswahili ninazoletewa nizirekebishe zinatamka kwamba zimeandikwa kwa Kiingereza, eti kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo na fundi hakujishughulisha. Athari zake si za nadharia. Programu inayomsomea asiyeona huweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na asiyeona wa Kaisho akabaki anasikiliza kitu ambacho si lugha ya mtu yeyote. Herufi mbili tu! Na fundi aliyeshindwa kuziandika ndiye anayekuja kunifundisha kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha.

Kiswahili kina maneno. Tunayo kivinjari, tovuti, msimbo, nywila, kikoa, seva, kiolezo. Mengine yamebuniwa, mengine yamekopwa na kuvishwa irabu, na yote mawili ni halali. Lugha iliyokopa meza, shati na kitabu haiwezi kuona haya kukopa seva. Tatizo letu ni kwamba maneno hayo yanaishi katika orodha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini menyu haina sentensi. Mtu hujifunza neno anapolikuta linafanya kazi: katika maelezo ya namna ya kurekebisha kitu kilichoharibika, katika ubishi, katika mzaha. Maandishi ya namna hiyo juu ya kompyuta kwa Kiswahili yalikuwa machache mno, na orodha ya maneno isiyo na maandishi yanayoizunguka ni kama mbegu iliyowekwa kabatini.

Kwa mfano wa kinyume, tazama kishikwambi. Kabla ya mwaka 2022 ukilitamka neno hilo mbele ya vijana walikucheka. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, redio zikalitamka asubuhi na jioni, na baada ya sensa vifaa vile wakagawiwa walimu. Leo mwalimu wa Mabira akisema kishikwambi chake kimeisha chaji hakuna anayecheka. Neno halikubadilika. Lilipata kazi. Nami nataka maneno ya fani yangu yapate kazi, kwa hiyo nayaandikia habari za kazi: jinsi ya kuufanya ukurasa ufunguke haraka penye mtandao wa kusuasua, jinsi ya kupunguza uzito wa picha, kwa nini tovuti ya chama cha msingi haina haja ya picha inayocheza ya watu wa Ulaya wakipeana mikono. Nikikosa neno, nalieleza jambo kwa maneno mengi hadi neno lijitokeze. Sisubiri baraza lolote, ingawa BAKITA likinisahihisha nitasahihika.

Na kwa kuwa tuko Karagwe na Kyerwa, nisipite bila kukigusa Kinyambo. Profesa Rugemalira alitutolea sarufi yake mwaka 2005, kazi ambayo kila shule ya huku ingepaswa kuwa nayo. Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, Kinyambo kimepewa herufi tatu: now. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni "sasa". Sijui kama kuna malenga ambaye angeweza kubuni kinaya bora zaidi. Ndani ya Kiswahili ninachokiandika yamo maneno ya Kinyambo ya migomba, ya ng'ombe na ya maziwa ambayo hayana ndugu pwani, na sitayaomba radhi. Mwaka 1976 Mulokozi, mwana wa Kagera hiihii, na mwenzake Kahigi walitoa diwani waliyoiita Malenga wa Bara. Jina peke yake lilikuwa hoja: kwamba mtu wa bara naye ni malenga, hana haja ya kusubiri kibali kutoka pwani. Baada ya ushindi wa hoja ile, ni aibu tukienda kuomba kibali California.

Sasa sheria. Huyu wa tatu ana hoja nzito kuliko wenzake na sitamfanyia mzaha. Wakubwa wetu katika jambo hili waliandika wakati ambapo hapakuwa na kizuizi. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, aliandika Jikomboe kwa Kiswahili, na wengi wakamfuata. Kurasa zile zikaitwa magazeti tando, jina tamu ambalo tumelitupa bila sababu. Kisha mwaka 2018 zikatolewa Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Kuomba leseni shilingi 100,000. Leseni yenyewe 1,000,000. Ada ya kila mwaka 1,000,000 nyingine. Asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Juni mwaka ule JamiiForums ilifungwa kwa muda, na waandishi wadogo wengi wakanyamaza. Bei ile ilipangwa bila kumfikiria mshairi hata kidogo. Nani mwenye gunia kumi za kahawa ya maganda angeziuza ili apate ruhusa ya kuchapisha utenzi?

Nilifikiri hivyo wakati ule na nafikiri hivyo leo. Ila angalia matokeo yake. Watu hawakuacha kuandika; walihama. Waliyabeba maneno yao kutoka mahali ambapo yangeweza kutafutwa, kusomwa na kunukuliwa, wakayapeleka ndani ya makundi yaliyofungwa na majukwaa ya kampuni za nje. Kanuni zilizokusudiwa kuleta utaratibu katika uwanja wetu ziliusukuma uwanja mzima kwa walanguzi. Baadaye kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa tena zaidi ya mara moja, na anayetaka kujua yanayomhusu leo asome maandishi yenyewe, asitegemee hofu ya 2018 aliyosimuliwa. Mimi nimeyasoma. Hofu ile kwa kiasi kikubwa imebaki vichwani baada ya kuondoka karatasini, na hofu ya namna hiyo ni rahisi kwa mtawala yeyote kwa sababu haimgharimu chochote.

Mshairi wangu bado ana swali lake la awali: nani atakuja? Sitamdanganya. Watakuja wachache. Siku nyingine hatakuja mtu. Lakini huyo mmoja atakayekuja atakuwa amelitafuta jambo lile lile, kwa maneno yale yale, na atalikuta likiwa na jina la mtunzi, tarehe na umbo lake. Ataweza kulinukuu na kuelekeza mtu mwingine mahali lilipo. Kilichomo ndani ya kundi la WhatsApp mashine za kutafutia haziwezi kukifikia hata kidogo. Wasomaji 300 wanaoviringisha kioo na kubofya kidole gumba kabla ya kuumaliza ubeti wa pili ni wasomaji wa namna gani? Sisemi watunzi wayahame makundi; mimi mwenyewe nimo katika manne. Tuma huko ubeti mmoja, na mahali shairi zima lilipo. Gulio ni pa kuuzia, hakuna anayelala gulioni.

Limebaki pingamizi moja ambalo hakuna aliyenitolea, na ndilo gumu kuliko yote: kwangu nako kunaweza kufa. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Nisipolilipia, au nikilala nisiamke, baada ya miezi michache kila nilichokiandika kitatoweka, au mgeni atalinunua jina na kuuza humo bahati nasibu. Kibanja hakifi na mwenyewe, ukoo hukaa ukaamua nani atakirithi; lakini sijapata kukisikia kikao cha ukoo huku kwetu kilichojadili nywila za marehemu. Kwa hiyo nimefanya mambo matatu. Kila ninachokiandika nakihifadhi pia kama maandishi matupu yasiyohitaji programu maalumu kuyafungua, katika diski ndogo mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kila ukurasa mpya naupeleka kwa Internet Archive, hifadhi inayokusanya nakala za wavuti wa dunia tangu 1996, inayopokea anwani kutoka kwa mtu yeyote bila malipo. Na nywila zangu nimeziandika kwa kalamu, karatasi ipo ndani ya bahasha pamoja na hati ya kibanja, na mdogo wangu anajua ilipo.

Wapo wazee Isingiro, Murongo na Bugene wenye madaftari ya mashairi chini ya vitanda, mengine yameanza kuliwa na mchwa. Anayemjua mmoja wao ampige picha daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Kuyachapa nitachapa mimi, na kila shairi litakaa na ubeti wake wa mwisho.